Mlango na Sura Mbili za Tunu

Mji mzima ulikuwa umeacha funguo. Mlango wa kila nyumba uliwajua wenyeji kwa sura na kuwafungulia. Mgeni aliambiwa apige hodi.

Tunu, mwenye miaka tisa, alipoanzishiwa vidonge vya steroidi kutibu saratani ya damu, uso wake uliumuka kama andazi. Majirani wakamsifu kwamba kanawiri. Mlango ukamwambia, "Mgeni, piga hodi." Alilia sana siku hiyo. Nani apige hodi kwao? Ikabidi mama yake, Mwanahamisi, aufundishe mlango sura ile ya pili.

Leo wamerudi kutoka hospitali baada ya miezi miwili. Daktari amesema saratani haionekani tena kwenye damu. Vidonge vimesimamishwa, na mashavu yamenywea. Mlango ulipomwona Tunu ukafunguka wenyewe.

"Tunu! Umepotea sana. Karibu nyumbani. Na yule mwenye mashavu, nimfute?"

"Mfute!" Tunu akacheka, akakimbilia jikoni.

Mwanahamisi akabaki kizingitini, kiganja juu ya ubao wa mlango.

"Mwache," aliunong'oneza. "Akirudi, asije akapigishwa hodi kwao."