Shubiri ya Muuzaji

Kadi ya kuchakata picha za gemu ilikataa kuingia kwenye kasha la kompyuta. Radhia aliigeuza, akajaribu tena. Ilizidi vidole viwili, na mashindano ya gemu yalikuwa kesho.

"Kwenye simu ulisema shubiri moja na nusu!"

"Ndiyo, dada." Shebe, muuzaji wa vipuri, alitandaza kiganja chake kipana juu ya kadi. "Si hii hapa?"

Radhia aliweka chake pembeni, kidogo kama cha mtoto. "Mimi nilipima kasha kwa hiki."

"Sasa mbona hukuuliza shubiri ya nani?"

Kadi fupi zilizobaki dukani zisingeuweza mchezo wa mashindano. Radhia alichora mstari kwenye bati la mbele la kasha, akaomba msumeno.

"Dada, ukishakata umekata."

Meno ya msumeno yaligusa mstari.