Mkono Mmoja

Siku hizi anayedai jambo nyumbani sharti alithibitishe kwa utafiti, na likishathibitishwa, nyumba yenyewe, inayojiendesha kwa kompyuta, hulifuata. Basi mume wangu Kombo aliponiambia tena, "Pilau tamu, ila mkono wa mama ni mkono wa mama," sikununa. Nilikaa nikapanga utafiti.

Niliusajili kabla ya kubandika sufuria, maana ukishaona majibu huruhusiwi kubadili hesabu. Dai langu niliandika hivi: mkono wangu na mkono wa mama mkwe ni mmoja. Sahani zingefanana, sarafu ingeamua pilau ya nani itangulie, na Kombo angeonja akiwa amefungwa macho. Asipopatia zaidi ya mtu anayebahatisha, nimeshinda.

Mama mkwe, Bi Tatu, alikubali huku akicheka. "Huyu atanijua hata usingizini."

Wapi! Yangu aliiita ya mama, na ya mama akasema haijakolea chumvi. Raundi zote alibahatisha tu. Nyumba ikatangaza kwa sauti yake tulivu, "Imethibitishwa. Mkono ni mmoja." Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Kombo aliinamia sahani.

Bi Tatu alinawa, akajifuta taratibu kwa upindo wa kanga, akanitazama.

"Mmoja, ee mwanangu?"

Akaenda hadi chumba chetu cha kulala, ambacho mlango wake hufunguka kwa mkono wangu na wa Kombo tu. Akaweka kiganja.

Ukafunguka.