Mlango wa Nyuma

Hapo zamani wanyama walipokuwa wakipanga nyumba, Muhanga, mchimbaji asiye na mpinzani, alikuwa na mashimo mengi ya kupangisha. Mpangaji wake, Ngiri, alimwendea akamwambia, "Baba mwenye nyumba, naomba unitobolee mlango wa nyuma. Nina mtoto."

"Wapangaji wa siku hizi mmezidi kudeka!" Muhanga akafoka. "Mama yako alikaa humo humo na mlango mmoja. Kama hakukufai, hama."

Ngiri hakuwa na pa kuhamia, akarudi shimoni.

Masika ilipoanza, alitoka kwenda kutafuta mizizi, akamwacha mwanawe amelala. Mvua ikanyesha kwa nguvu, udongo ukaporomoka ukaziba mlango. Ngiri alirudi akapiga yowe. Muhanga akaja mbio, akachimba kuliko alivyowahi kuchimba, lakini alimtoa mtoto akiwa ameshakata roho.

Baada ya maziko, Muhanga alirudi peke yake akatoboa mlango wa nyuma. Kazi yenyewe haikufika hata adhuhuri. Akamwita Ngiri aje auone.

Ngiri aliutazama.

"Ni mpana, baba," akasema. "Angepita bila kuinama."