Nusu ya Yai

"Nani anakula bila kufungua mdomo?" mama mkwe wa Mwavita alitega kitendawili, huku akimenya yai la kuchemsha.

Mwavita alishika tumbo lake la mimba ya pili. "Mutoto wa tumboni."

"Basi mulishe," mama mkwe alisema, akimpa yai.

"Mama, mimba ya kwanza si njo weye ulinikataza mayai na samaki? Nilikula muhogo mutupu mpaka nikaanguka shambani."

"Njo desturi nilifundishwa. Nilikosa, mwanangu."

Kando yao, kwenye jamvi, alikaa mzaliwa wa kwanza wa Mwavita. Alikuwa na miaka mitatu, na miguu yake, myembamba kama mabua ya mpunga, haikuwahi kumsimamisha.

Mwavita alilipasua yai, kiini kikatoa mvuke. Nusu akaitia kinywani mwa mtoto.

"Kwa huyo limechelewa," mama mkwe alisema taratibu.

"Lakini yeye njo alianza kulingoja, mama."