Sponji ya Kiti

Kibwana alitaka kiti cha pikipiki yake kiwe laini, maana kesho yeye na wenzake walikuwa wanaanza safari ya kuzunguka nchi nzima. Sponji alikuja nayo mwenyewe, kama walivyozoea wateja wa Nyamizi, fundi wa viti.

Nyamizi alishabandua kiti cha zamani, likabaki ganda tupu la plastiki. Alipoanza kuikata ile sponji, harufu ya mkojo na dawa ya kuchua ikampanda puani. Akageuka pembeni, akatema mate.

"Umeitoa wapi hii?"

"Godoro la mama. Usijali, dada fundi, alishapooza upande wa kushoto, hasikii kitu. Nimekata upande huo huo."

Alisema hayo huku akichokonoa meno. Nyamizi akamtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. Katikati ya sponji palikuwa na bonde lililoachwa na nyonga. Aliibonyeza, akaiachia. Bonde halikuinuka.

Akalirudisha ganda mahali pake, akalifunga bila kitu juu.

"Washa. Tunamrudishia mwenyewe."

"Sasa mimi nikalie nini?"

"Kalia hilo ganda. Jifanye na wewe umepooza."

Akapanda nyuma, ameikumbatia sponji, uvundo wote usoni mwake. Njia ya kwao Kibwana ilikuwa mashimo matupu. Kila walipotumbukia Kibwana aliguna kwa maumivu, na kila alipoguna, Nyamizi alimwambia aongeze mwendo.