Seva Haijibu

Saa kumi na mbili asubuhi, Novemba 2004, kompyuta ya wodi ya wazazi ilishindwa kufungua mafaili ya wajawazito. Seva haikujibu.

Fundi Ndyamukama aliikuta imezimika. Mlinzi alikuwa amechomeka taa ya kutegea senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye betri ya akiba ya seva, na umeme ulipokatika taa iliimaliza. Sasa umeme ulikuwa umerudi. Aliiwasha seva, ikaanza kukagua diski zake polepole.

Muuguzi aliingia akihema. "Bado tu? Kuna mjamzito ameshikwa na uchungu, nataka majibu ya vipimo vyake."

"Labda saa nzima. Muulize mwenyewe kama ana virusi vya Ukimwi."

"Mbele ya mama mkwe wake? Atafukuzwa leo hii na kichanga chake. Na kama anavyo, asipomeza dawa sasa, mtoto anaweza kuambukizwa."

Ndyamukama alikwenda wodini. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, akimpangusa mkwewe jasho.

"Shikamoo, mama. Senene wameanguka pale nje, ukutani. Watu wanajaza ndoo."

"Marahaba. Na wewe umesimama tu hapa, mvivu wee!" Alichukua beseni, akatoka.

Muuguzi alifunga mlango, akamwinamia mjamzito. "Haraka, mwanangu. Ulipimwa? Una virusi?"

Mwanamke alitazama mlango, kisha akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kidonge kilicholowa jasho, kingo zake zikianza kumomonyoka.

"Walinipa kliniki, nimeze uchungu ukianza. Mama mkwe hajaniacha peke yangu tangu jana."

Alikimeza bila maji, kitasa cha mlango kikiwa tayari kinazunguka.