Chezesheni Midomo Tu

"Jamani, msiimbe. Chezesheni midomo tu," mwalimu wa muziki aliwaambia wanafunzi wake ndani ya basi, wakielekea kwenye tamasha ambako shule zote zingeimba wimbo mmoja. "Shule nyingine zitatubeba. Penye wengi hapaharibiki neno."

Angefanyaje? Kipindi chao cha muziki mwaka mzima kiliishia kufagia madarasa.

Uwanjani shule zote zilisimama bega kwa bega. Kiongozi wa wimbo akainua mkono, kinanda kikaanza, maelfu ya midomo ikafunguka pamoja.

Haikutoka sauti hata moja.

Kinanda kikamaliza ubeti peke yake. Mwalimu akawageukia walimu wenzake. Kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake.

Mstari wa mbele, mwanafunzi wake mdogo kuliko wote alimkodolea macho, mishipa ya shingo imemsimama, akichezesha mdomo kwa bidii, kama alivyofundishwa.